Sidii Haikurudi Tupu

Tulipogawana vitu vya Bibi, wajukuu wenzangu walikimbilia vitenge. Mmoja alitaka mkeka, mwingine akang'ang'ania redio ambayo haijashika stesheni tangu nipate akili. Mimi niliomba mkebe wa kahawa. Shangazi Stela akanikazia macho. "Na wewe Koku! Vitu vyote hivi, unataka mkebe wa bati?" Nikamwambia ndiyo, wa bati huohuo. Nikaufungua palepale mbele ya watu, nikaunusa, na machozi yaliyogoma makaburini yakaja yenyewe.

Kwa asiyejua, ile si kahawa ya kunywa. Ni ya kutafuna: buni zinachumwa, zinachemshwa na majani ya viungo zikiwa na maganda yake, kisha zinaanikwa juani mpaka zikauke kabisa. Kwetu Wahaya tunaiita akamwani. Mgeni akiingia, hata kabla hajaulizwa habari za alikotoka, anawekewa punje chache kiganjani, anatafuna taratibu huku mnaongea. Bibi alipohama Bukoba kuja kukaa na Baba huku Mwanza, kule Ilemela juu kwenye mawe, alikuja na sanduku lake la nguo na mkebe ule, na ukimuuliza kipi alikishika mkononi safari nzima, si sanduku.

Sasa, kila nikinusa kahawa ile mimi nakumbuka kompyuta. Najua haviendani. Ngojeni niwaeleze.

Baba alikuwa anafanya kazi stoo, kwenye kiwanda kimoja pale Nyakato. Ofisi yao ilipoleta kompyuta mpya, zile za zamani wafanyakazi wakauziwa kwa bei ya kutupa, na Baba akapanda na moja kilimani ikiwa imeviringishwa kwenye blanketi, anahema, vijana wawili wamebeba kile kioo chenye kisogo kirefu. Iliwekwa sebuleni. Mama yangu ana ugonjwa wa kufuma, mpaka leo. Pale nyumbani hata jagi lilivaa kitambaa. Kompyuta ikafumiwa seti nzima, cha kioo, cha kibodi, na kimoja kidogo cha kipanya chenye maua ya njano. Watoto wa majirani walikuja kuitazama ikiwa imezimwa, na wakaondoka wameridhika.

Aliyeitumia hasa alikuwa Shangazi Stela, mdogo wake Baba. Alikuwa anasoma chuo na kukaa kwetu, na ripoti yake yote ya mafunzo kwa vitendo ilikuwa humo ndani. Basi kompyuta ikaanza kuumwa. Anafungua ripoti anakuta alama za ajabu ajabu. Mafaili yanajizaa. Baba anaipeleka kwa fundi stendi ya Buzuruga, fundi anaipiga windo upya, yaani anafuta programu zote na kuziweka tena, inarudi nzima, na kabla wiki haijaisha mtu anachomeka flashi aliyotoka nayo stationery, mchezo unaanza tena. "Ni virusi," Shangazi akasema. Mimi nikaacha kabisa kugusa kibodi. Shuleni tulishafundishwa virusi ni nini na vinafanya nini.

Jioni moja Shangazi akarudi na bahasha ya kaki, akatoa sidii. Haikuwa na picha ya msanii wala jina la kwaya. Ilikuwa inang'aa tu, na neno moja limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito.

"Hii ni Linux," akasema. "Kaka, ile programu kubwa inayoendesha kompyuta nzima tunaitoa, tunaweka hii. Virusi vyetu hivi vya stendi haviiwezi."

"Bei gani?" Baba akauliza.

"Bure."

Baba akakiweka chini kikombe chake. "Stela. Rahisi huvunja upishi."

"Kaka, sijasema rahisi. Nimesema bure."

"Ndiyo mbaya zaidi!"

Bibi alikuwa kwenye kiti chake, miguu kaikunja, anatafuna kahawa yake. Akauliza alichokuwa anauliza siku zote kitu kikiingia nyumbani. "Nani kakupa?"

"Mwenzangu wa chuo, Mama. Anaitwa Deus. Msukuma, kapanga Nyakato."

"Na yeye nani kampa?"

"Watu tu. Watu wa nchi mbalimbali wanaiandika, huyu kipande hiki, yule kile. Wakimaliza wanaigawa dunia nzima. Ukitaka unachukua, na mwenzako unampa."

"Waitu!" Bibi akasema. "Na wanakula nini watu hao?"

Lile swali likahamia kwangu. Nililala nalo, nikaenda nalo shule. Watu gani wanakaa kwao, wanatengeneza kitu kizima, halafu wanampa mtu wasiyemjua aliye Ilemela? Wana watoto? Wanajua kwetu maji tunapandisha kwa ndoo? Nilimuuliza Shangazi kama wanajuana wao kwa wao, akasema wengine hawajawahi hata kuonana. Hapo ndipo nikachanganyikiwa kabisa.

Jibu nilipewa na Mama Neema, jirani yetu wa jiwe la chini, alipokuja kuazima ungo. Mama alimsimulia habari za sidii. Mama Neema akashusha sauti, lakini sauti yake hata ikishushwa inasikika Buzuruga. "Mimi simo," akasema, na mtu akianza hivyo ujue yumo mpaka shingoni. "Ila vya bure siku hizi vina wenyewe, mama Koku. Leo unapokea unacheka, kesho nyumba inatoa mtu. Kafara hiyo."

"Koku, nenda ukacheze nje," Mama akasema. Nilienda mpaka nyuma ya pazia la mlango, nikasimama hapo.

Na ili mnielewe, lazima niwaambie sheria ya Bibi ya sahani. Mtaani kwetu sahani zilitembea. Jirani akikaanga samaki wake analeta wawili, mwingine akichemsha mahindi analeta. Bibi hakuwahi kurudisha sahani ya mtu tupu. Kama hatuna kitu, ataweka ndimu. Kama ndimu hakuna, ataweka kahawa kiganja. Niliwahi kuona ameweka chumvi. "Chombo kitupu kinarudi na maneno," alikuwa ananiambia, na mimi ndiye niliyekuwa natumwa kupeleka, kwa hiyo sheria ile niliijua kuliko sala ya asubuhi.

Jumapili baada ya kanisa Shangazi akavua vile vitambaa, akaviweka mapajani kwa Mama. Ripoti yake alikuwa ameshaihifadhi kwenye flashi mpya ambayo hakuruhusu mtu hata kuiangalia vibaya. Akabonyeza, kompyuta ikatoa ulimi, akaulaza ule mduara juu yake, ulimi ukarudi ndani. Ikaanza kunguruma. "Tunaonja kwanza," akatueleza. "Inaamka kutoka kwenye sidii, tunaitazama, tukiipenda ndipo tunaiweka." Baba alijifanya anatafuta bisibisi pale pale nyuma ya kiti.

Kioo kikawa kahawia, rangi ya udongo uliolowana. Halafu kikalia kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Ngoma. Ngoma fupi, laini, mapigo machache, zikanyamaza.

"Ngoma za nani hizo?" Bibi akauliza, na akasogeza kiti.

Tuliifungua yote. Kulikuwa na mchezo wa karata, kulikuwa na pa kuchora, na mimi nikasahau virusi nikachora nyumba yetu na mawe yake. Baba naye akaacha bisibisi, akataka kuona kama ina hesabu za stoo. Ilikuwa nazo. Akasema, "Mh," na kwa Baba hiyo ni hotuba. Shangazi akaanza kuiweka moja kwa moja. Ilipofika mahali pa kuuliza kama tumekubali, akaniita. "Koku, bonyeza hapo, uwe umeshiriki." Nikabonyeza kile kitufe kikubwa. Kila mtu akapiga makofi.

Kesho yake asubuhi Bibi alidondosha kikombe jikoni. Nilimsikia Mama anaita jina la Yesu. Nilipofika, Bibi alikuwa amekaa chini, ameegemea gunia la mkaa, mdomo umekwenda upande, ananitazama kama ananitafuta. Gari haifiki kwetu. Baba alimbeba mgongoni akashuka naye kwenye mawe, huku Mama anashikilia miguu yake isigonge, mpaka barabarani walikopata gari ya kumpeleka hospitali kubwa. Majirani walitoka kusimama milangoni. Mama Neema alikuwepo, kashika kichwa, na wala hakusema kitu, lakini mimi nilishamsikia.

Nyumba imetoa mtu. Na aliyebonyeza kukubali ni nani? Ni mimi.

Niliingia sebuleni. Kompyuta ilikuwa imekaa na vitambaa vyake, imetulia. Bahasha ya kaki ilikuwa mezani. Niliogopa, jamani, nisiwadanganye. Lakini nilikuwa mtoto wa maswali, na nilikaa pale nikafikiri mpaka nikapata. Wale watu hawakuwa wabaya. Watu wabaya hawapigi ngoma laini vile, wala hawaweki mchezo wa karata. Shida ilikuwa sisi. Walituletea sahani, sahani ikiwa imejaa, tukaila yote Jumapili moja, na hakuna aliyefikiria kurudisha kitu. Tungerudisha ile sidii tupu. Bibi mwenyewe alikuwa amesahau sheria yake, na ndiyo maana walimchukua yeye.

Nilipanda kwenye kigoda nikaushusha mkebe. Kuugusa bila ruhusa ilikuwa kesi, lakini mwenyewe hakuwepo wa kunishtaki, na hilo nalo likaniliza. Nilichagua punje nzima tu, zisizovunjika, nikazimimina ndani ya bahasha pamoja na sidii. Nikaweka mdomo pale bahasha ilipokuwa wazi nikanong'ona: "Asanteni kwa kompyuta. Hii ni yenu. Bibi ni wetu." Kisha nikaibandika kwa ugali mkavu uliobaki, maana gundi hatukuwa nayo. Shangazi alipopita kuchukua nguo za Bibi za hospitali, akaitia bahasha kwenye mkoba bila kuitazama. Deus alikuwa anaidai, kulikuwa na wengine wanaisubiri.

Halafu nikaanza kungoja. Hospitali watoto hawakuruhusiwa kupanda wodini, kwa hiyo Mama akipanda mimi nabaki chini na Baba, kwenye ukuta mfupi, ziwa linaonekana kule chini na vivuko vyake. Nilimuuliza, "Baba, ukishawalipa, wanarudisha?"

Yeye alidhani naulizia dirisha la malipo. "Hapana, mama. Ukishalipa umelipa. Hawarudishi."

Sijawahi kusikia neno baya kama lile. Nililia pale ukutani, na maskini Baba akadhani nina njaa, akaninunulia karanga.

Siku chache baadaye mlango ukabishwa hodi. Kijana mrefu, mwembamba, shati limechomekewa vizuri, bahasha ya kaki mkononi. "Shikamooni," akasema. "Naitwa Deus. Nimekuja kumpa pole Stela kwa kuuguliwa na mama." Akakaribishwa, akaketi ukingoni mwa kochi. Akaigeuza geuza bahasha. Halafu akasema, kwa aibu, "Na nimeleta jibu."

"Jibu la nini?" Baba akauliza.

"La kahawa. Nilifungua bahasha nikakuta kahawa na sidii. Mimi sikuelewa, nilitaka kuitwanga ninywe. Mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja ni Mhaya wa Muleba, akaninyang'anya. Akaniambia, we Deus, kahawa hii haitumwi hovyo. Wahaya wa zamani watu wawili wakigawana punje, basi ni ndugu mpaka kufa. Akasema siwezi kukaa kimya."

Sebule nzima ikamgeukia Shangazi. Mama akasahau sindano hewani. Baba akakohoa, na kikohozi kile Shangazi alikijua. "Stela. Mama yako yuko kitandani, wewe unatuma kahawa kwa vijana?"

"Kaka! Haki ya Mungu sijatuma!"

"Imejituma?"

Shangazi akajifunika uso kwa mikono. Nikaona hapana. "Ni mimi!" nikapiga kelele, na baada ya hapo yakatoka yote bila mpangilio, sahani, kafara, Mama Neema, kitufe, ngoma. "Nilikuwa nawalipa! Ili wamrudishe Bibi!"

Hakuna aliyecheka. Mama aliweka mkono mdomoni. Deus akashuka kwenye kochi, akachuchumaa mbele yangu, suruali ya pasi na yote.

"Koku, nisikilize. Wale watu walioitengeneza hawajui kama wewe upo. Wala mimi. Wala Bibi hawamjui. Bibi kaumwa presha, na presha alikuwa nayo kabla sidii haijaja. Unaelewa?"

"Sasa kama hawatujui, kwa nini watupe?"

Akafikiri. Nampenda mpaka leo kwa vile alivyofikiri, hakunipa jibu la kunifukuza. "Sijui wote," akasema. "Ila mimi aliyenipa alikuwa mwalimu wangu, nikamuuliza nimlipe nini, akasema mpe mwingine. Basi nikampa Stela."

"Na sahani?"

Akanikabidhi bahasha. Ilikuwa nzito. Ndani, juu ya sidii, alikuwa amejaza michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani, ambavyo mama yake alimtumia kutoka Ngudu. "Sahani imerudi," akasema. "Na haikurudi tupu. Sasa kazi ni kwenu."

Bibi alirudi. Hakurudi vilevile, mkono wa kushoto ulikuwa mzito, na mdomo ulibaki umeshuka kidogo, lakini maneno hayakupungua hata moja. Shangazi alimsimulia kila kitu, na Bibi akaniita mbele ya kiti chake.

"Kwa hiyo mimi, mama wa watoto saba, bei yangu ni kahawa kiganja?"

"Nilichagua nzima nzima, Bibi."

"Afadhali." Akalowanisha mchembe kwenye chai, akautafuna kwa upande uliokuwa mzima. "Na hao wa mbali, wenye ngoma? Wao chombo chao kinarudije?"

Deus alikuwepo siku hiyo, alishakuwa mtu wa pale kwetu. "Hakirudi kwao, Bibi. Kinakwenda mbele."

Bibi akatafuna mpaka akameza. "Basi ni kama kulea," akasema. "Aliyenilea mimi sikumlipa. Nimewalea hawa." Akataka kompyuta iwashwe asikie tena zile ngoma, na zilipolia akatikisa bega lile zima.

Shangazi alimaliza ripoti yake kwenye kompyuta ile. Akanakili sidii kadhaa, moja ikaenda kwa Mama Neema mwenyewe, kijana wake akaiweka, na nyumba ile haikutoa mtu. Lakini ile sidii ya kwanza haikutulia. Tuliirudisha kwa Deus na senene, wale panzi wetu wa kukaanga, msimu ulipofika. Akaileta na njugu mawe. Tukaipeleka na kahawa. Hakuna aliyeiweka kwenye kompyuta tena, ilishajaa michubuko, lakini kila mmoja alihakikisha haikai kwake muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu. Na msianze: Shangazi hakuolewa na Deus. Aliolewa na mwalimu wa Sengerema, na Deus alikuja kwenye harusi na bahasha.

Sasa turudi siku ile ya kugawana vitu. Nilikuwa bado nimeukumbatia mkebe, watu wanakunja mikeka, alipopanda mawe mtu mrefu, nywele zimeanza mvi, anahema kama Baba alivyohema na ile blanketi. Anko Deus. Mazishi hayakumkuta, alikuwa safarini. Alimpa mkono Baba, akamkumbatia Shangazi, kisha akaja kwangu akatoa bahasha ya kaki, nyingine, maana ile ya kwanza ilishachakaa kitambo.

"Ilikuwa zamu yangu, Koku," akasema. "Nilimchelewesha Bibi."

Nikafungua. Michembe, na katikati yake ile sidii, imekwaruzika mpaka huwezi kujiona usoni. Kompyuta yangu ya leo haina hata mdomo wa kuilisha. Tulikaa kwenye jiwe la mbele ya nyumba, tukala michembe yote, mimi na yeye na Shangazi, tukimcheka Bibi na kumlilia kwa wakati mmoja. Alikuwa amekwenda kwa uzee wake, amelala asiamke, na hakuna niliyemtafuta wa kumlaumu.

Michembe ilipokwisha nikaufungua mkebe. Ile ilikuwa kahawa ya mwisho aliyoianika kwa mkono wake. Niliimimina ndani ya bahasha juu ya sidii, nikaendelea kumimina, mpaka ikagoma kufunga. Anko Deus akaipima uzito kiganjani.

"Nyingi hivi, Koku? Unamlipia nani?"

"Simlipii mtu," nikamwambia. "Safari hii ni bure."